Bibi Harusi Anazidi Kukua

Jumatatu, tarehe 9

Leo nimekuwa mtu wa tovuti. Rasmi! Mteja wangu wa kwanza ni dada yangu mkubwa, fundi wa magauni ya harusi. Sawa, ni dada, lakini mteja ni mteja. Nimemwomba asiniite mdogo wangu mbele za watu, aniite mtaalamu. Alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni.

Kazi hii nusura iende kwa Bwana Fotokopi, yule mwenye duka la fotokopi pale kona, anayevaa tai hata akifagia. Huwa anawatengenezea watu websaiti na anajidai kana kwamba umeme aliuvumbua yeye. Niliposikia Dada anakwenda kumwona, nilikimbia na viatu visivyofanana. Nikamwambia Dada huyo bwana ni ghali, ni mvivu, na kuna jambo jingine siwezi kulisema. Hakuna jambo. Ila siwezi kulisema.

Na mimi nimesoma. Nilikwenda yale mafunzo ya kompyuta ya akina mama, nikakaa mbele kabisa. Siku ya mwisho tu ndiyo nilitoka mapema, maana nje palizuka ugomvi wa mume na mke, na mimi ugomvi siuelewi nikiwa mbali. Wenzangu wanasema siku hiyo walifundishwa ukurasa unavyoonekana kwenye simu za aina mbalimbali. Mimi nilijifunza kwamba mume ndiye mwenye makosa.

Jambo lenyewe ni zito kidogo. Jengo la duka la Dada linabomolewa. Mwezi ujao anahamia uchochoroni, nyuma ya karakana ya matairi, mahali ambapo hata paka akipita ujue amepotea. Lakini yupo Mama Ukumbi, msimamizi wa ule ukumbi mkubwa wa sherehe. Anatafuta fundi mmoja wa kumpendekeza kwa maharusi wote wanaokodi ukumbi wake. Amesema mafundi wampelekee websaiti zao, Jumamosi atazifungua na kuchagua. Wamebaki wawili. Dada, na yule fundi wa ng'ambo ya barabara, ambaye kazi yake... nisiseme. Inafumuka.

Websaiti nimeimaliza leo leo! Tulimvisha binti wa mjomba magauni manne, nikampiga picha, nikazipanga. Kwenye laptopu yangu inapendeza hadi raha. Maandishi manene, yameshiba. Nikamtumia Dada linki.

Dada akapiga simu. Akauliza kwa upole kwa nini maharusi hawana vichwa. Nikamwuliza hawana vipi. Akasema vimekatwa shingoni, na wenyewe wamekuwa wafupi na wapana kama makabati. Halafu namba ya duka imeandikwa juu ya tumbo la bibi harusi wa pili.

Nikamwambia tatizo ni simu yake. Inashinda chini ya cherehani, imejaa vumbi la uzi. Akaipangusa. Bado makabati.

Jumanne, tarehe 10

Mtaalamu habahatishi. Leo nimefanya uchunguzi. Nimekwenda saluni! Pale wanawake wamekaa chini ya draya, hawawezi kukimbia, na kila mmoja ana simu mkononi. Msusi mwenye saluni ni mwenzangu wa siku nyingi, akanipa kiti na kunikaribisha nichunguze.

Nikaomba simu moja baada ya nyingine. Niliyoyaona! Kwenye simu ya kwanza maharusi wamejipanga vizuri, ila maandishi yamewapanda vichwani kama vilemba. Kwenye ya pili kuna viboksi vitupu, kila kiboksi na kialama cha picha iliyochanika. Kwenye ya tatu kuna gauni moja tu, na ukitaka kuona mengine lazima uusukume ukurasa kwenda kulia, kulia, kulia, mpaka unafika mahali hapana kitu, ni weupe mtupu. Mwenye simu akasema labda hapo ndipo fungate.

Kwenye simu ya Msusi, ile kubwa kama sinia, mambo yalikaribia kuwa sawa. Bibi harusi alikuwa na kichwa mpaka kwenye nyusi.

Katika uchunguzi huohuo nimejua kwamba mwenye simu ya pili hasemezani na mama mkwe wake kwa sababu ya friji. Hilo haliingii kwenye websaiti, lakini nimelihifadhi.

Matokeo ni haya. Websaiti yangu nzima, haina ugonjwa. Watu ndio hawajui kushika simu. Hapo nikapata wazo. Wazo tamu! Badala ya mimi kuirekebisha websaiti kwa ajili ya simu elfu moja, si watu wajirekebishe wenyewe? Nikaweka tangazo juu kabisa, kwa rangi nyekundu: MPENDWA MTEJA, LAZA SIMU UBAVU, RUDI NYUMA HATUA MOJA, FUMBA JICHO LA KUSHOTO. Hilo la jicho nimelijaribu mimi mwenyewe, linasaidia kweli.

Jioni Dada akapiga. Mteja wake mmoja alilaza simu ubavu, akafumba jicho, akarudi nyuma hatua moja na kukalia pasi. Nashukuru haikuwa ya moto sana.

Jumatano, tarehe 11

Nimeamka na ari. Leo vichwa vinarudi shingoni! Nikaingia ndani ya websaiti, pale panapowekwa ukubwa wa picha. Nikaongeza kidogo, nikahifadhi, nikaangalia. Hakuna kilichobadilika. Nikaongeza tena. Hakuna. Nikaongeza kwa hasira. Hakuna! Maharusi wangu wako vilevile, wananitazama tu kama watu waliokatazwa kucheka. Nikasema hii laptopu imeniona mtu wa mchezo. Nikawa naongeza tu, chai inapoa, naongeza.

Dada akapiga simu, anaongea kwa kunong'ona. Ana wateja dukani. Wameifungua websaiti. Bibi harusi anakua.

Nikauliza anakua vipi. Akasema mwanzo walimwona mzima, wakafurahi. Wakitoka na kuingia tena, amenenepa. Wakiingia tena, kabakia kifua na uso. Sasa hivi ni uso peke yake. Nikamwambia asubiri, naongeza kidogo tuone kama ni mimi. Nikaongeza. Halafu akasema sasa ni jicho. Jicho moja, limejaa simu nzima, na wateja wameilaza simu kifudifudi mezani, hawataki kuigusa.

Sikukaa sana, binti wa mjomba naye akapiga. Mchumba wake ameliona. Eti hakuwahi kujua ana kope nyingi kiasi hicho. Kama ni sifa au malalamiko, binti mwenyewe bado anatafakari.

Sasa hapo pakanichanganya. Kwangu habadiliki hata ukucha, kwa wenzangu anakua kama unga uliotiwa hamira. Hili ni jambo la kumuuliza mtu. Na mtu mwenyewe ni mmoja tu mtaani! Nikaenda kwa hila. Nikachukua cheti cha kuzaliwa cha mume wangu, nikaingia kwa Bwana Fotokopi nikaomba nakala. Mashine inapovuma, nikasema, kama mtu anayepitisha muda, kwamba nina rafiki, si mimi, ana websaiti, na kila akiibadilisha kwake haibadiliki.

Bwana Fotokopi akanyoosha tai. Akasema brauza, yaani kile kidude unachofungulia kurasa, huweka kumbukumbu ya ilichokiona jana. Ukiurudia ukurasa, haihangaiki kwenda kuuliza upya, inakuletea ule wa jana. Kwa hiyo huyo rafiki yangu afute kumbukumbu ya brauza, ndipo ataona kama wenzake wanavyoona. Akanipa nakala yangu, akasema nimsalimie dada yake huyo rafiki.

Kama amenigundua, sijui. Ila somo lilinikaa hapo hapo. Brauza ni mimi! Mimi nikimwona mtu analia sokoni siku moja, mwaka mzima nitasema yule nyumba yake inawaka moto. Niende kuuliza tena ya nini, na habari ninayo? Nimefurahi sana kukuta kompyuta ina akili kama zangu.

Alhamisi, tarehe 12

Nimefuta kumbukumbu. Yote! Vilitokea viboksi vya kuweka tiki, vingi, nikavitia tiki vyote nisionekane mchoyo. Laptopu ikawa nyepesi, hata feni yake ikaacha kukoroma.

Halafu websaiti ikaniuliza mimi nani.

Mimi! Niliyeizaa! Ikataka neno la siri. Sasa neno la siri niliandika mara moja tu, baada ya hapo brauza ndiyo iliyokuwa inanikumbushia, na brauza ndiyo hiyo nimeitoa akili. Nikajaribu jina la mama. Hapana. Jina la mume. Hapana, na hilo nilijua hata kabla ya kuandika. Jina la mbuzi tuliyekuwa naye zamani. Hapana. Ikaniambia nimekosea mno, nipumzike kwanza.

Nikapumzika. Nikajiuliza, hivi mimi ni mtu wa kukaa na siri peke yangu? Nikampigia Msusi. Nikamwuliza kama niliwahi kumtajia neno langu la siri. Akasema nilimtajia Jumanne, alikuwa anasuka, na nikamweleza pia kwa nini nimelichagua. Akalitaja. Namba za mwisho zikampotea, lakini nyuma yake nikawasikia wale wa kwenye draya wanazitaja kwa pamoja, kama wanafunzi. Nikaingia! Kuna watu huwa wanausema vibaya umbea. Shauri yao.

Ndipo nikaona kwa mara ya kwanza kile walichokuwa wanaona wenzangu. Lile jicho. Likanitazama, nikajikuta nasema samahani.

Nikapunguza, nikafuta, nikapanga. Lile tangazo la kufumba jicho nalo nikalitoa, kwa heshima ya aliyekalia pasi. Hata viboksi vitupu nimevijua! Picha mbili zilikuwa ndani ya laptopu yangu tu, sikuzipakia mtandaoni. Yaani nilikuwa nawaita watu waje watazame picha iliyo kwenye pochi yangu, na pochi nimeifunga. Nikazipakia. Kufika mchana maharusi wote wana vichwa, shingo na miguu. Nikamwita mume wangu aje ashangilie.

Mume wangu si mtu wa maneno. Alikuja na miwani yake, akatazama, akauliza kwa nini brauza yangu imekuzwa mara mbili. Nikamwambia haijakuzwa, iko hivyo. Akanionyesha kwa kidole, pale juu pembeni. Kumbe imekuzwa! Nikakumbuka niliikuza mwenyewe siku laptopu ilipoingia humu ndani, maana herufi zake zilikuwa ndogo kwa dharau. Kwa hiyo kila nilichokipima kwa macho yangu, kwa watu wengine ni nusu yake.

Mume wangu akanishauri nivae miwani. Nikamjibu kwamba miwani ni ya wazee, mimi ndiyo kwanza naingia utu uzima. Akarudi kwenye redio.

Na kweli, Dada akapiga. Maharusi wamekuwa wazuri, ameshukuru, lakini maandishi ni kama ufuta. Mteja mmoja alidhani ni uchafu wa kioo, ameyasugua na mate.

Ijumaa, tarehe 13

Bwana Fotokopi amevuka mpaka! Asubuhi ameingia dukani kwa Dada, eti analeta kalenda ya bure. Katikati ya mwaka! Akafungua websaiti yangu kwenye laptopu yake, akaiweka mezani juu ya vitambaa, akanyamaza. Mtu akikukosoa utamjibu. Akinyamaza utamjibu nini? Kumbe ndiye anayemtengenezea yule fundi wa ng'ambo. Akamwambia Dada kwamba akitaka, na yake ataishika, wala haoni tabu, nafasi anayo.

Nilimkuta anatoka. Akanisalimia vizuri sana. Mshenzi.

Ndani, Dada alikuwa anashona shanga, hakuinua kichwa. Nikaanza maneno yangu. Nikamweleza brauza, nikamweleza kumbukumbu, nikamweleza viboksi, nikamweleza hata ya friji na mama mkwe. Akaniacha mpaka nikaishiwa.

"Mdogo wangu," akasema, "kule uchochoroni hakuna dirisha. Hakuna mtu atakayekuwa anapita zake, akaona gauni, akasimama. Hiyo websaiti ndiyo dirisha langu. Nikiukosa ule ukumbi nauza cherehani, nakwenda kukaa kwa mwanangu nimwoshee vyombo."

Nikamwambia aniamini.

"Nimekuamini tangu Jumatatu," akasema. "Nimechoka."

Nikatoka pale kimya. Nikatembea mtaa mzima kimya! Muuza magazeti akaniuliza naumwa nini.

Kufika kona ndipo wazo likanijia, nikasimama katikati ya barabara, watu wakanipigia honi. Mimi nahangaika na simu za dunia nzima kwa nini? Anayechagua ni mtu mmoja, ana simu moja. Nikiijua simu yake, naishona websaiti kwa vipimo vya simu hiyo, kama Dada anavyomshonea bibi harusi mmoja gauni lake. Nani aliwahi kumlaumu fundi kwa kuwa gauni la bibi harusi halimkai jirani?

Na simu ya mtu, mimi nitashindwa kuijua? Mimi? Nilianzia kwa mfagiaji wa ukumbi, akanielekeza kwa muuza maua, muuza maua akasema Mama Ukumbi hupiga picha mashada yake kwa simu kubwa yenye kava la zambarau, aina ileile ya Msusi. Ya Msusi! Tena nimejua kwamba Mama Ukumbi hulala mchana ofisini amejifungia, na kwamba hapikiki chungu kimoja na mpishi wake. Hayo yamekuja yenyewe, sikuyatafuta.

Nikaenda saluni kuazima simu. Msusi akakataa, biashara yake yote iko humo. Nikamwambia basi, na mimi ya Mama Ukumbi na mpishi sitamwambia. Akanipa simu, akanipa na chaja.

Nimeshinda nayo mapajani. Napima, nabadilisha, nafuta kumbukumbu kidogo tu safari hii, naangalia. Simu yenyewe haiishi kulia, watu wanataka kusukwa. Nimewapa wote miadi ya Jumapili saa tatu asubuhi ili waniache nifanye kazi. Na jioni websaiti imekaa kwenye ile simu kama pete kidoleni. Vichwa vipo, magauni yapo mpaka ncha ya mkia, maandishi nasoma bila kukunja uso. Kwenye laptopu yangu inaonekana kama ajali. Kwenye simu ya mume wangu haionekani kabisa. Sijali! Hao hawachagui.

Jumamosi, tarehe 14

Nina furaha, siandiki vizuri! Ngoja nianze mwanzo.

Tulifika ukumbini mimi na Dada. Dada kavaa lile gauni lake la kijivu analovaa misibani, nilimkataza lakini wapi. Fundi wa ng'ambo yupo. Bwana Fotokopi yupo, na tai mpya. Viti vya mbele wamekaa akina mama wa maharusi watatu wanaofuata kufanyiwa harusi hapo, mikoba mapajani, nyuso za mtihani. Mama Ukumbi akaingia, simu mkononi. Kava la zambarau! Nikamfinya Dada.

Halafu Mama Ukumbi akaitumbukiza ile simu kwenye mkoba. Akasema ni vizuri tuone wote kwa pamoja. Akawasha kompyuta ya ukumbi na ile projekta wanayorushia picha za maharusi ukutani. Ukutani! Ukuta mzima, dari mpaka sakafu. Mimi ukuta sikuupima.

Wakaanza na ya fundi wa ng'ambo. Nitasema kweli, mimi si mtu wa wivu. Ilifunguka safi. Magauni mistari mistari, kila moja mahali pake, maandishi yanasomeka mpaka mlangoni. Wale mama wakasema nzuri. Nzuri sana. Mmoja akatazama saa. Bwana Fotokopi akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayepokea makofi.

Ikaja zamu yetu. Ukuta ukawa mweupe. Mtu akasema haijafunguka. Ilikuwa imefunguka! Ule weupe ulikuwa ni mkono wa gauni. Mkono peke yake, bega mpaka kiwiko, mrefu kuliko nyumba yangu. Bibi harusi hayupo. Jina la duka halipo. Namba ya simu, hakuna.

Nikakimbia mbele. Nikamwambia Mama Ukumbi mimi ndiye mtaalamu, nikabonyeza. Ukakua. Nikabonyeza pengine. Ukakua zaidi! Sasa ukutani kuna ua moja la shanga, kila shanga kama sufuria. Nikawaomba wale mama warudi nyuma hatua moja. Wakarudi, pamoja na viti vyao. Ua likabaki lilelile. Fundi wa ng'ambo akakohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko. Nikageuka kumtazama Dada.

Dada akasimama. Huyu dada yangu ni mtu ambaye akisifiwa huingia nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Akatembea mpaka ukutani, akaweka kiganja juu ya shanga moja. Kivuli chake kikaliangukia lile ua lote.

"Hapa nilifumua nikaanza upya," akasema. "Gundi ingekuwa rahisi. Lakini bibi harusi anacheza, anatoka jasho, anakumbatiwa na ukumbi mzima, na gundi huachia. Kwa hiyo nimeshona. Kila shanga ina fundo lake. Ikikatika moja, nyingine hazina habari."

Wale mama wakasimama. Mmoja akavaa miwani akasogea karibu kabisa. Uzi ulionekana wazi, unapita chini, unapanda juu, unajifunga. Ukuta mzima wa vifundo, hakuna hata kimoja kilichopinda. Mama mmoja akasema gauni la binti yake wa kwanza lilimwaga shanga mbele ya keki, na mpaka leo wakifagia wanaziokota. Wakaanza kumuuliza Dada maswali. Dada akajibu. Wakauliza tena, akajibu tena, na mikono akawa anaitupa hewani, mtu ambaye huongea kwa kunong'ona! Kwangu hakutazama hata mara moja.

Mama Ukumbi akauliza kama na ile ya kwanza inaweza kukuzwa hivyo. Bwana Fotokopi akaikuza, polepole, hana haraka. Gundi! Imeng'aa pembeni mwa kila shanga kama kamasi za mtoto. Fundi wa ng'ambo akasema huo ni mwanga. Tukasema haya, mwanga.

Mama Ukumbi akamshika Dada mkono palepale mbele ya wote. Kazi ni yake! Hata akihamia nyuma ya matairi, maharusi wataletwa mpaka mlangoni. Tulipotoka nje Dada alikaa kwenye ngazi za ukumbi, akacheka, akalia kidogo, akacheka tena. Mimi nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja kuuliza nani ameibiwa.

Jumapili, tarehe 15

Asubuhi njema kabisa, ukiacha kwamba wateja wote wa saluni wamefika saa tatu kamili na Msusi ana mikono miwili tu. Nilimpigia kumpongeza kwa biashara kukua. Amenikatia simu. Uchovu.

Nimekaa nikayapima ya jana kitaalamu. Mambo yako wazi. Websaiti ya Bwana Fotokopi ilionyesha magauni yote, nani aliinuka kwenye kiti? Yangu imeonyesha shanga chache, ukumbi mzima ukasimama! Maana yake wiki nzima nilikuwa na kosa moja tu, la kupunguza. Jumatano, wakati naongeza, nilikuwa kwenye njia yenyewe, watu wakanivunja moyo.

Dada alikuja mchana na matunda. Akakaa, akainuka, akakaa. Mwisho akasema websaiti amempa Bwana Fotokopi aishike kuanzia sasa, arekebishe vitu vidogo vidogo, kama maandishi, na namba ya simu, na kufunguka. Akaniuliza kama nimeumia. Niumie? Nimemwelewa haraka sana. Kazi imekuwa kubwa, nimepewa msaidizi. Tena wa tai! Nikamwambia amweleze huyo bwana asiogope, akikwama popote milango yangu iko wazi. Dada akanikumbatia kwa muda mrefu, mabega yanamtikisika. Ana furaha, maskini.

Nikamsindikiza. Njiani tukakutana na nani? Daktari wa meno! Habari za ukumbi zimemfikia, kwa kuwa nilimpigia mkewe jana, na shemeji yake, na dada wa mapokezi. Naye anataka websaiti, ya kwanza maishani mwake. Nikamkubalia kabla hajamaliza kusema. Dada akaanza kukohoa, akasema labda daktari angezungumza kwanza na Bwana Fotokopi. Nikamfafanulia daktari kwamba huyo ni mtu wangu, ananisaidia. Daktari akauliza kama itaonekana vizuri kwenye simu za wagonjwa wake. Nikamwambia wagonjwa wake wataiona hata wakiwa wamefumba macho.

Nimeshaianza. Jino moja, gego, lenye tundu. Limejaa laptopu kona hadi kona. Nilimwita mume wangu aje aone. Alitazama, akashika shavu, akatoka nje.

Inatisha vizuri. Nimeongeza kidogo.